Nilipomwambia Mfinyanzi "Nitatrai"

Mwanangu, kuna Jumanne moja ambayo sijaweza kuisahau, na nimejaribu. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, mwezi wa mvua kubwa, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa mwenye maneno mengi kuliko mashati. Ukae nikusimulie. Hadithi yenyewe si ndefu, lakini mimi husimulia kama ninavyonunua: polepole, na kwa kugeuza kitu pande zote.

Kwanza nikueleze neno, maana bila neno hutaelewa kosa.

Nilishuka kutoka vilima vya Maragoli nikaja Kisumu kutafuta kazi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu wajukuu wa waliokuwa wakikaa pale bado wananisalimia. Mle ndani kulikuwa na karani mmoja, mtu mpole, tai safi. Watu walipanga foleni mbele yake tangu asubuhi: huyu anatafuta barua, yule leseni, mwingine jina la mwanawe limekosewa. Karani aliwasikiliza wote, kisha akamwambia kila mmoja kwa Kiingereza, "I will try." Watu wakatabasamu. Wakamshukuru. Wakaenda. Mimi na ufagio wangu tulihesabu asubuhi moja: kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Ijumaa walirudi wote kumi na mmoja, na hakuna faili hata moja iliyokuwa imetoka kabatini.

Unajua nilichojifunza pale? Ningejifunza huruma ningekuwa mtu mwema mapema. Nilijifunza kwamba kuna neno la Kiingereza ambalo ukimpa mtu anaenda zake akifurahi, na wewe hujatoa kitu. Kwa kijana anayependa bei ya chini, hilo lilikuwa neno la bure kabisa.

Usidhani Waingereza ndio wenye lawama. Kwao neno hilo lina kazi zake, tena kazi za kuheshimika. Mwenye duka la viatu anakuletea kiatu anasema try, yaani tia mguu uone. Mwalimu anaandika kwa wino mwekundu chini ya hesabu yako mbovu, try again, yaani rudia, bado hujafukuzwa. Hakimu naye hutrai mtu, akimaanisha kwamba anamweka kizimbani na kumpima. Hata pale uwanjani, mshambuliaji akipiga mpira ukaenda kuwatafuta ng'ombe, kuna mtu nyuma atasema good try, na mshambuliaji anapata nguvu ya kurudi. Ukiangalia vizuri, kila mahali pana mguu, pana mkono, pana jasho. Sisi wa Kisumu ndio tulilichukua neno, tukalivalisha nguo za Kiswahili, likawa kutrai, halafu tukalipa likizo. Utakuja kwenye mkutano? Nitatrai. Utarudisha jembe? Nitatrai. Jembe likazeekea kwa jirani.

Basi nikaacha ufagio nikaingia biashara ya mitungi.

Mitungi ilitoka Nyakach, kule upande wa Pap Onditi, ambako akina mama wanafinyanga tangu mabibi wa mabibi zao. Mimi nilipanda basi, nikanunua kwao, nikafunga mitungi juu ya basi kwa nyasi na kamba, nikauza Kisumu. Mfinyanzi niliyemtegemea zaidi alikuwa mjane mmoja, Mama Anyango. Mtungi wake ukiugonga kwa kifundo cha kidole ulilia kama kengele ya kanisa, na shingoni aliuzungushia alama ya kamba iliyosukwa, nyuzi tatu, yake peke yake. Tulizungumza Kiswahili, mimi changu cha Kiluhya, yeye chake cha Kijaluo, na tukaelewana vizuri sana hasa kwenye bei.

"Ambani," alikuwa akiniambia, "wewe unabishana kama mtu amelipwa kubishana."

"Mama, nikiacha kubishana utafikiri ninaumwa."

"Umwa kidogo tu. Siku moja."

Jumanne ile nilimkuta amesimama mlangoni mwa kibanda anachokaushia mitungi, ameangalia juu. Hapakuwa na paa. Upepo wa Jumapili ulikuwa umelichukua na kulitupa shambani. Ndani, mitungi thelathini na miwili ilikuwa imekaa kwenye majivu, bado mibichi, haijaona moto. Nilihesabu mara mbili kama kawaida yangu.

"Ambani, hii nyumba hakuna paa," akasema. "Vijana wangu wako kwa majani chai, Kericho. Moto ni Alhamisi. Jumamosi bwana soko anapeana ile nafasi ya ukuta."

Nafasi hiyo niliijua. Ndani ya soko la Kisumu, kando ya ukuta, mahali penye kivuli hadi saa sita, palikuwa pamebaki wazi. Bwana soko, ndiye msimamizi wa soko, alikuwa ametangaza kwamba atakayefika Jumamosi na bidhaa yake mwenyewe, akaijaza nafasi kabla ya kengele ya saa mbili, ni yake. Asipofika, wauza makaa walikuwa wanasubiri, mikono imeshakuwa tayari. Mama Anyango alikuwa ameuza kando ya barabara miaka mingi, akifukuzwa na askari kila wiki, mtungi mmoja ukivunjika katika kila mbio. Ndiyo maana alikuwa ameanza kuniuzia mimi kwa bei yangu. Nafasi ile ingemtoa barabarani, na ingemtoa mikononi mwangu pia.

"Wewe uko na turubai," akaniambia. "Lete kesho na basi ya mchana. Tunafunika, Alhamisi tunachoma. Utaleta?"

Mwanangu, angalia hapa. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema hapana, maana nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, siku hiyo nilikuwa nimesikia kwamba kuna mtu Kisian anauza baiskeli kwa bei ya mtu mwenye haraka. Pili, kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu, na hesabu ilisema Mama Anyango akipata ukuta, mimi nitanunua mitungi ya nani? Nilijua sababu zote mbili. Nikamtazama mjane machoni, nikasema,

"Nitatrai, Mama."

Akatazama juu tena. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani.

Jumatano nikaenda Kisian. Nilibishana na mwenye baiskeli tangu asubuhi. Nikagusa kengele, nikakagua mnyororo, nikasema gurudumu la nyuma lina huzuni. Nilimshusha bei mpaka yeye mwenyewe akaanza kuniangalia kama mgonjwa, na mwishowe sikuinunua. Saa nane wingu likaja kutoka ziwani, jeusi, likafunguka. Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Nilijikinga kwenye veranda ya duka moja, na hapo, katikati ya kelele za mabati, nikakumbuka mitungi thelathini na miwili isiyo na paa. Turubai langu lilikuwa chumbani kwangu Kisumu, chini ya kitanda, limekunjwa vizuri.

Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia, mimi sikuahidi. Nilisema nitatrai tu. Nikalirudia mara mbili, na mara ya pili likanituliza kabisa. Ndipo ujue neno limekuwa baya: linapoanza kukutuliza wewe mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nikapanda basi, turubai kwapani. Usiniulize nililichukua la nini. Mtu mwenye hatia hupenda kushika kitu.

Kibandani palikuwa na tope. Si vipande, mwanangu, tope. Mtungi mbichi ukinyeshewa hauvunjiki, unalegea, unakaa chini kama mtu aliyechoka, mwisho unakuwa udongo ule ule uliotoka mtoni. Juu ya donge moja niliona alama ya kamba ya nyuzi tatu, bado inaonekana, na hiyo ndiyo iliniumiza kuliko yote. Yeye na bintiye Anyango walikuwa wamekimbia ndani ya mvua wakabeba midogo, wakaiweka chini ya kitanda na jikoni. Mikubwa ilikuwa ikimeguka mikononi. Waliokoa tisa.

Mama Anyango alinitazama, kisha akatazama kwapa langu.

"Turubai yako imekauka vizuri," akasema.

Nikaanza maelezo. Basi, mvua, barabara ya Awasi. Nilikuwa na maelezo manne na nilikuwa nimefika ya pili aliponikatiza, wala hakupandisha sauti.

"Ambani. Jumanne mimi nilijua wewe hujasema ndiyo. Mimi si mtoto. Lakini hukusema hapana. Ungesema hapana, ningeenda kwa shemeji yangu saa ile ile, iko na mabati mbili nyuma ya nyumba. Ningeomba mwalimu wa shule. Jumanne nzima ilikuwa yangu, na Jumatano mpaka saa nane. Wewe ulichukua hiyo saa yote ukaweka chini ya kitanda na turubai."

Maelezo ya tatu na ya nne yakaondoka yenyewe.

"Hiyo trai yako," akaendelea, "ulitrai na nini? Na mguu?"

"Hapana, Mama."

"Na mkono?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa mdomo peke yake. Kaa chini."

Nikakaa. Akanielekezea tope kwa kidole. "Udongo haijaenda mahali. Moto tu ndio inamaliza udongo. Hii itakuwa mitungi tena, lakini si kwa Jumamosi. Kanda."

Nikakanda, mwanangu. Nilitoa vijiwe kimoja kimoja. Nilikanda mpaka mabega yakaanza kunitukana. Kisha akaniwekea kitako cha mtungi wa zamani, akakipaka majivu, akanionyesha namna ya kusokota udongo uwe kama nyoka na kuuzungusha, duara juu ya duara, kidole gumba ndani, kiganja nje. Mtungi wangu wa kwanza ulianguka. Wa pili ukaegemea upande wa Kericho, kisha nao ukaanguka. Anyango, aliyekuwa akipanga kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwa ajili ya moto, alicheka mpaka akaketi.

"Mama, huyu anafinyanga kofia."

"Mwache. Leo iko kazini."

Wa tatu ulisimama. Mdomo wake ulikuwa umepinda kama wa mtu anayesikia bei, lakini ulisimama. Nilikuwa na udongo mpaka masikioni na jua lilikuwa limeshapita kichwa. Mama Anyango akauzunguka, akauangalia kwa makini sana, kama mimi ninavyoangalia baiskeli.

"Mbaya," akasema. "Lakini sasa hii ndio kutrai. Umeona? Inauma mgongo. Kama haiumi mahali popote, ujue bado hujaanza."

Alasiri ile alichoma mitungi tisa. Ardhi ilikuwa na maji lakini kinyesi kilikuwa kikavu, na moto ukakubali. Tulipokuwa tumekaa kuutazama, nikamwona anapima kwa hatua, kwenye uwanja wake, upana wa ile nafasi ya ukuta. Hatua nane. Mitungi tisa midogo ndani ya hatua nane inaonekana kama meno ya mzee. Akarudi kukaa.

Nami nikapiga hesabu yangu, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya faida. Chumbani kwangu Kisumu nilikuwa na mitungi kumi na saba, yote yake, yote ina nyuzi tatu shingoni. Nilikuwa nimeiweka ningoje bei ipande.

"Mama," nikasema, "niko na kumi na saba zako mjini."

"Ulinunua. Ni zako."

"Jumamosi zitakaa ukutani na hizi tisa."

Akageuza kichwa polepole. "Bei gani?"

"Hakuna bei."

"Ambani, unaumwa?"

"Siku moja tu, Mama. Ulinipa ruhusa."

Akasukuma kinyesi kimoja motoni. "Yawa," akasema kwa mshangao wa Kijaluo, "nimeishi mpaka naletewa mitungi yangu kama mgeni. Zikiuzwa pale ukutani, pesa ya hizo kumi na saba ni yako. Mimi nataka nafasi, sitaki zawadi." Kisha akaninyoshea kidole kilekile. "Na kesho? Hizi tisa zipande basi ya kwanza. Utakuwa hapa?"

Mwanangu, lile neno lilinijia. Lilifika mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea mfuko wa suruali, mkono unaingia wenyewe. Nikalimeza.

"Ndiyo," nikasema. "Basi ya kwanza. Sirudi Kisumu leo, nitalala kwa mwenye duka pale barabarani."

"Haya," akasema, na hiyo haya ilikuwa tofauti na ile ya Jumanne.

Ijumaa tulisafiri na mitungi tisa mapajani, maana sikuiamini kamba. Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, nilisukuma mkokoteni wa kukodi kutoka chumbani kwangu mpaka sokoni, mitungi kumi na saba imelala kwenye nyasi. Tukaipanga. Mikubwa nyuma, midogo mbele, tukaipa nafasi ya kupumua, si kubwa ya kuonyesha umaskini. Ishirini na sita. Nikahesabu tena. Wauza makaa walikuwa wamesimama karibu na magunia yao, wanatutazama kwa heshima ya watu wanaoomba uanguke.

Bwana soko akafika, mtu mnene mwenye fimbo na daftari. Akatembea mbele ya mitungi akiigonga mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo, na mmoja mmoja ukamjibu. Alikuwa bado hajafika wa mwisho upande wa kushoto, mtungi mmoja mkubwa kutoka chumbani kwangu, Mama Anyango alipoinama akaugonga mwenyewe kwa kifundo. Ulitoa sauti kama mlango wa mbao. Ulikuwa umepasuka mahali, labda kwenye mkokoteni wangu.

"Hii imekufa," akasema. Akauinua, akauweka nyuma yake.

Pakabaki pengo. Pengo lenye upana wa mtu. Wauza makaa wakasogea hatua moja.

Bwana soko akalitazama pengo. "Mama, kama usingeutoa ningeuhesabu."

"Mteja angegonga."

"Na hii mingine yote ni yako?"

"Yote nimefinyanga mimi. Angalia shingo."

Akaangalia shingo. Kisha akanigeukia, maana alinijua. "Na wewe, Ambani? Unauza nini hapa leo?"

"Leo hakuna, Bwana. Leo mimi ni wa mkokoteni."

Alinitazama kana kwamba amesikia habari za msiba. Halafu akarudi kwenye pengo. "Nilisema nafasi ijae."

Mama Anyango akapanga kanga yake, akatembea mpaka kwenye pengo, akaketi katikati ya mitungi yake, miguu ameinyosha, mgongo umeegemea ukuta.

"Sasa imejaa," akasema.

Kengele ikalia. Bwana soko alijaribu kubaki na uso wa kazi, akashindwa. Alicheka mpaka fimbo ikatetemeka, akafungua daftari, akaandika jina lake. Wauza makaa wakainua magunia.

Biashara yangu ya kununua kwa bei ya chini ilikufa siku ile, kama nilivyopiga hesabu. Kile ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba wafinyanzi wengine wa Nyakach walisikia, nao wakataka kufika mjini wenyewe, na walihitaji mtu wa kuwabebea. Nikawa huyo mtu. Nilianza na mkokoteni, mwishowe katika miaka ya sabini nikapata pikapu iliyokuwa nzee kuliko mimi. Niliibishania bei siku nne, lakini hiyo niliinunua. Mtungi wangu uliopinda mdomo uliwekwa pale ukutani miaka mingi. Mama Anyango aliuchoma na mingine, akaukatalia kila aliyetaka kuununua, ambao walikuwa wawili.

Na pale sokoni likabaki neno. Mtu akija kwenye ukuta wa wafinyanzi akasema, nitatrai kuja kesho, nitatrai kulipa Ijumaa, mmoja wao alimwuliza bila kuinua macho, "Trai ya mikono ama trai ya mdomo?" Watu wengi walikohoa. Wengine walijibu sawasawa, na hao ndio waliopewa mitungi. Mimi mwenyewe niliulizwa mara nyingi, hata nilipokuwa na mvi, hata mbele ya mke wangu.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi kusema utajaribu. Maisha yote ni kujaribu, na mtu anayejaribu kwa mikono yake akashindwa, hana deni kwangu. Nitakaa naye tukande upya. Ninachokuomba ni kwamba usilitumie neno hilo kama pazia. Kama utakwenda, sema ndiyo, na uende. Kama hutakwenda, sema hapana mapema, hata kama mdomo unaona aibu, kwa sababu hapana ya Jumanne inamwachia mwenzako muda wa kutafuta mabati kwa shemeji, na ukimya wa Jumanne unamletea tope la Alhamisi. Na kama kweli hujui utaweza, basi sema hujui, na umwambie utakuja kumjulisha saa ngapi, na ufike saa hiyo. Hayo ni matatu. Nimehesabu mara mbili.

Mungu akupe ndiyo yenye miguu na hapana isiyochelewa. Akupe mtu wa kukukalisha chini kwenye tope ukikosea, asiyepandisha sauti. Na kila utakapoweka mkono, kitu kisimame, hata kikipinda mdomo.